Mpunga, chumvi, bwawa, au mikoko ibaki: udongo wa pwani unapoteza nini?

Mpunga wa kwanza baada ya kufyeka mikoko huwa mzuri. Hakuna faida ya kulificha hilo. Kila aliyelima kwenye delta ya Rufiji analijua, na ndiyo maana watu wanaendelea kufyeka hata pale wanapojua ni hifadhi. Tope lile limekusanya udongo wa mto na majani yaliyooza kwa miaka mingi, na likipata maji baridi ya masika, yaani yasiyo na chumvi, linalisha mpunga bila mfuko hata mmoja wa mbolea. Ubishi huanza miaka inayofuata. Kuna wanaoendelea kuvuna, kuna waliohama wakaacha magugu ya ndago na kangaga, na kuna nchi ambako mashamba ya namna hiyo yaligeuka machachu kiasi kwamba hata magugu yalishindwa.

Tofauti hiyo husababishwa na udongo kuliko mbegu au bidii ya mkulima. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na magunia. Unaanza chini, kwenye tope, kisha unaangalia kila njia inalifanyia nini tope hilo.

Neno la sheria kwanza, maana linapunguza uchaguzi. Tanzania Bara mikoko ni msitu wa hifadhi ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 hairuhusu mtu kufyeka bila kibali. Kenya nayo misitu ya mikoko ni mali ya umma. Kwa wasomaji wengi basi swali halisi linahusu ardhi iliyokwisha kufyekwa, kingo za msitu, au mpango wa matumizi ya ardhi unaojadiliwa kijijini.

Kilichozikwa chini ya mizizi

Chimba sentimita chache tu chini ya mikoko na utakutana na tope la kijivu au jeusi linalonuka yai viza. Harufu hiyo inaeleza karibu kila kitu. Maji yamejaa muda wote, hewa haipiti, na mabaki ya majani na mizizi hayaozi yakaisha. Yanarundikana. Vipimo vilivyofanywa katika misitu ya mikoko ya bahari ya Hindi na Pasifiki vilipata wastani wa tani zipatazo 1,000 za kaboni kwa hekta, na sehemu kubwa yake imo ndani ya udongo, si kwenye miti. Mtu anayehesabu boriti na kuni peke yake anahesabu kipande kidogo cha msitu.

Kitu cha pili kilichozikwa ni salfa. Maji ya bahari yana salfeti ya gramu 2.7 hivi kwa kila lita. Bakteria wa kwenye tope lisilo na hewa huitumia salfeti hiyo wanapovunjavunja mabaki ya mimea, na salfa inayotokea hushikana na chuma kilicholetwa na mto. Kinachozaliwa ni madini yaitwayo pairaiti. Yakikaa majini hayana neno. Udongo wa mikoko uliolowa mara nyingi hauko mbali na pH 7, yaani si mchachu wala si wa magadi.

Tatizo ni hewa. Tope likikauka na kupasuka, oksijeni inaingia, pairaiti inavunjika, na kinachotoka ni asidi ya salfuriki, ileile iliyomo kwenye betri ya gari. pH inaweza kushuka chini ya 4, yaani uchachu mkali, katika wiki au miezi. Katika hali hiyo alumini iliyokuwa imefungwa ndani ya mfinyanzi huyeyuka na kuunguza mizizi, fosforasi hushikwa isiweze kutumika na mmea, na chuma huzidi mpaka majani ya mpunga yanakuwa na rangi ya shaba.

Chokaa je? Hesabu ya kikemia haitii moyo. Udongo wenye asilimia 1 tu ya salfa ya namna hiyo unahitaji kama kilo 31 za chokaa safi kwa kila tani ya udongo. Tabaka la sentimita 10 kwenye hekta moja lina uzito wa karibu tani 1,000. Hizo ni tani 31 za chokaa kwa hekta, kwa sentimita 10 za juu tu. Mkulima gani wa pwani ana lori tatu za chokaa kwa kila hekta?

Kwa hiyo njia yoyote ninaipima kwa maswali mawili: je, tope litakauka? Na je, kuna maji baridi ya kutosha kuisukuma chumvi kila mwaka? Mengine yote ni nyongeza.

| Njia | Tope linakauka? | Chumvi | Uchachu | Ikishindikana |
|---|---|---|---|---|
| Mikoko inabaki | Hapana | Ipo, miti imeizoea | Umelala | Hakuna cha kurekebisha |
| Mpunga bila tuta la bahari | Kidogo, kiangazi | Hutegemea mto na masika | Mdogo hadi wa kati | Mikoko inaweza kurudi yenyewe |
| Shamba la tuta na mifereji | Ndiyo | Hupungua mwanzoni | Mkubwa | Vigumu sana |
| Shamba la chumvi | Ndiyo, kwa makusudi | Huongezwa | Hutegemea tope | Polepole mno |
| Bwawa la kamba au samaki | Kuta ndiyo, sakafu mara kwa mara | Kama bahari | Hutoka kwenye kuta | Inawezekana tuta likivunjwa |

Mpunga wa maji yanayojaa na kupwa

Huu ndio wa Rufiji. Delta ile ina hekta zipatazo 50,000 za mikoko, ndilo eneo kubwa kuliko yote la mikoko iliyoshikana katika Afrika Mashariki, na leo iko zaidi wilayani Kibiti. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mto ulibadili njia na maji mengi yakaelekea matawi ya kaskazini. Upande huo maji yakawa baridi zaidi, na mpunga ukafuata maji. Wakulima hawajengi tuta la bahari. Bahari ikijaa inayasukuma maji ya mto juu ya shamba, ikipwa yanaondoka. Mpunga unamwagiliwa bila pampu wala mfereji.

Kwa upande wa uchachu, mtindo huu una busara ndani yake. Tope halikauki likapasuka kwa kina, kwa hiyo pairaiti nyingi inabaki ilivyo. Hasara inakuja kwa njia nyingine tatu. Ya kwanza ni chumvi. Mpunga huanza kupunguza mavuno chumvi ya udongo ikizidi desisimensi 3 kwa mita (ndicho kipimo cha chumvi), na kila kipimo kimoja kinachoongezeka hukata kama asilimia 12. Ukifika 7, nusu ya mavuno imekwenda. Maji ya bahari yenyewe yana kama 50, kwa hiyo bamvua moja kali (bahari inapojaa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu) wakati mto umepungua inatosha kuharibu msimu. Ya pili ni mboji: kivuli kimeondoka, jua linapiga tope, majani mapya hayaanguki, na ile akiba iliyolisha mpunga bure inaliwa bila kurudishwa. Ya tatu ni magugu na kaa. Ndago hazikuwahi kuota chini ya kivuli cha mikoko. Shamba likifunguka zinajaa, na kaa wanaikata miche michanga ya mpunga usiku.

Hapo ndipo mkulima anapohama na kufyeka pengine. Mtu wa mjini huona ukaidi. Mimi naona mtu anayekimbia palizi isiyomalizika, lakini athari kwa msitu ni ileile: eneo la familia moja linakuwa shamba linalolimwa pamoja na mengine yaliyochoka.

Jambo jipya katika hesabu hii ni Bwawa la Julius Nyerere la kuzalisha umeme, kwenye korongo la Stiegler la mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Lilianza kujazwa maji Desemba 2022. Bwawa la ukubwa huo hukamata tope na kubadili majira ya maji, na mpunga wa delta unategemea vyote viwili: maji baridi yafike kwa wakati, na tope jipya lije kufidia lililochukuliwa. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti yaliwakumbusha watu kwamba mto haujafugwa. Anayepanga shamba la delta kwa miaka ishirini ijayo asitumie kumbukumbu za babu yake peke yake.

Tuta na mifereji: pale wanapoumia wengi

Wazo lenyewe linavutia. Jenga tuta, zuia bahari, chimba mifereji, kausha, mvua ioshe chumvi, kisha lima kama shamba jingine lolote. Wahandisi wamelipenda kwa muda mrefu. Udongo haujawahi kulikubali.

Afrika Magharibi imelipia somo hili kwa niaba yetu. Kwenye mito ya Scarcies nchini Sierra Leone, ambako kituo cha utafiti wa mpunga cha Rokupr kilianzishwa mwaka 1934, wakulima walikuwa wanapanda mpunga wa mikoko bila kuzuia bahari. Kiangazi maji chumvi yanaingia, masika mvua na mto vinayaosha. Katikati ya karne iliyopita kulikuwa na majaribio ya kuzungushia mashamba hayo matuta ili bahari isiingie kabisa. Chumvi ilipungua, na uchachu ukapanda. Yale maji chumvi ya kiangazi, yaliyoonekana kuwa adui, ndiyo yaliyokuwa yanalifunika tope lisipate hewa.

Casamance, kusini mwa Senegal, ilikwenda mbali zaidi. Ukame ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 ulishusha maji ya ardhini, na tope likaanza kuchachuka lenyewe bila hata mtu kuligusa. Mabwawa ya kuzuia chumvi yakajengwa, likiwemo la Guidel karibu na Ziguinchor katika miaka ya 1980. Yalizuia bahari, lakini mvua haikuwa ya kutosha kuosha kilichobaki ndani. Sehemu za bonde zikabaki na mambo mawili kwa pamoja: chumvi na tindikali.

Hata hivyo tuta si haramu kwa kila hali. Wajola wa Casamance na Wabalanta wa Guinea-Bissau wamelima mpunga nyuma ya matuta kwa vizazi vingi, na ukitazama wanavyofanya utaona wanalijibu swali letu la kwanza kwa ukali. Wanaacha ukanda wa mikoko mbele ya tuta ili mawimbi yasilile. Shamba jipya linasubiri miaka kadhaa ya mvua kabla ya kupandwa. Wanapanda juu ya matuta marefu ya jembe ili mvua ioshe chumvi pande zote, wakipandikiza miche iliyokwisha kukua kwenye kitalu. Na kiangazi kuna wanaofungua njia ya maji na kuiruhusu bahari iingie tena shambani, makusudi, ili tope lisikauke. Kazi hiyo inahitaji kijiji kizima na utaratibu wa kurithishana. Mwekezaji aliyekuja na katapila na mkataba wa miaka mitano hawezi kuiiga.

Kwetu, Pemba inafundisha upande wa pili wa tuta. Mabonde ya mpunga karibu na bahari, Kisiwa Panza yakiwemo, yameingiliwa na maji chumvi, na matuta yamejengwa kuyakinga. Tuta linalokinga bonde lililokuwa la maji baridi tangu mwanzo ni kitu kingine kabisa na tuta linalokausha tope la mikoko. Watu huyachanganya haya mawili mikutanoni, na mchanganyiko huo ni wa hatari.

Chumvi na mabwawa, kwa ufupi

Shamba la chumvi haliulizi udongo utoe chochote. Linaufanya sakafu: unashindiliwa, unajazwa maji chumvi, unaachwa ukauke. Baada ya miaka ya namna hiyo ni tope gumu, lenye chumvi kuliko bahari yenyewe, na mbegu ya mkoko haina pa kushikia. Ukanda wa Gongoni, Marereni na Ngomeni kaskazini mwa Malindi umekuwa na viwanda vya chumvi tangu miaka ya 1970, na malalamiko ya wenyeji kuhusu ardhi na maji yaliifanya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ifanye uchunguzi wa wazi na itoe ripoti mwaka 2006. Ukiniuliza mahali pa chumvi, nitakuonyesha lile jangwa jeupe lililo wazi nyuma ya mikoko, ambalo bamvua hulifikia mara chache kwa mwezi. Hapo hakuna msitu wa kupoteza. Kufyeka mikoko hai kwa ajili ya chumvi ni hasara hata kwa mwenye chumvi, maana tuta lake linabaki bila kinga.

Mabwawa ya kamba yana ugonjwa wa kuta. Tope linachimbwa, linarundikwa kuwa kingo, linakauka, linachachuka, na mvua ya kwanza inaishusha tindikali ndani ya maji. Kamba wanakufa na mwenye bwawa analaumu chakula. Mradi wa kamba wa Ngomeni, uliosaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, uliachwa. Rufiji, katika miaka ya 1990, kampuni ilileta mpango wa mabwawa ya kamba wa maelfu ya hekta. Wanavijiji walienda mahakamani na mradi haukujengwa. Ufugaji mdogo wa samaki aina ya mwatiko kwenye yale majangwa ya chumvi ni habari nyingine, na una nafasi yake.

Kuiacha mikoko: faida ni ya nani?

Watetezi wa mikoko hupenda kusema kwamba kaboni italipa, yaani kijiji kitalipwa kwa kuilinda kaboni iliyozikwa msituni. Tuwe wakweli. Mikoko Pamoja, mradi wa wanavijiji wa Gazi na Makongeni, kaunti ya Kwale, Kenya, umekuwa ukiuza kaboni tangu mwaka 2013 hivi kutoka hekta 117, na mapato yaliyotajwa mradi ulipoanza yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka. Gawanya: ni kama dola 100 kwa hekta. Fedha hizo zimeleta maji na vitabu vya shule, nazo ni za kijiji. Lakini kwa familia moja, tani moja tu ya mpunga inaishinda hesabu hiyo. Anayemwambia mkulima wa Salale, kwenye delta ya Rufiji, aache shamba kwa sababu ya kaboni peke yake hajawahi kununua mchele.

Hoja yenye nguvu zaidi ni ya udongo. Chini ya mikoko ardhi inapanda kidogokidogo, kwa sababu mizizi hujenga na tope hunaswa. Chini ya shamba lililokaushwa ardhi inashuka: maji yanatoka, mboji inaungua kuwa hewa ukaa, tope linajibana. Bahari nayo inapanda. Shamba linaloshuka mbele ya bahari inayopanda linahitaji tuta refu zaidi kila muongo, na tuta hilo lina gharama isiyoandikwa kwenye mpango wa mradi.

Kujua tope lako kabla ya kuamua

Miti yenyewe inatoa dokezo. Utafiti wa Sierra Leone ulionyesha kwamba tope la mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya magongo, lina nyuzinyuzi nyingi na uchachu mwingi uliolala. Tope la mchu, unaochomoza vijiti vya mizizi juu ya ardhi, huwa na nyuzi chache na uchachu mdogo. Msikundazi hukaa upande wa bara, penye maji baridi zaidi. Kwa ardhi iliyokwisha kufyekwa, basi, kumbuka kulikuwa na mti gani.

Kipimo cha nyumbani kipo. Chukua tope la kina cha nusu mita hadi mita moja, pima pH yake siku hiyohiyo kwa karatasi za kupimia, kisha lisambaze liwe bapa jembamba la sentimita moja na uliache penye hewa kwa wiki nane, ukilinyunyizia maji kidogo lisikauke kabisa. Pima tena. Likitoka kwenye 6 au 7 likashuka chini ya 4, au ukaona madoa ya njano iliyopauka, usilikaushe tope hilo kwa sababu yoyote. Kwa uhakika zaidi peleka sampuli kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga, au maabara ya udongo ya SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Zifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa na uzipeleke kwenye barafu, la sivyo zitachachuka njiani na majibu yatakudanganya.

Ningechagua nini

Mikoko ikiwa bado imesimama, sioni njia yoyote kati ya hizi inayouacha udongo bora kuliko ulivyo. Mpunga utafutwe juu zaidi, kwenye uwanda wa mafuriko kuelekea Ikwiriri na Utete, ambako udongo ni wa mto usio na salfa ya bahari na watu wa Rufiji wana kilimo chao cha mlau, cha kupanda maji yakipungua. Kule kuna viboko, nguruwe na mafuriko yasiyotabirika, lakini udongo haukugeuki.

Shamba likiwa limeshafyekwa, liko upande wa maji baridi na bado linatoa: endelea bila tuta. Rudisha majani ya mpunga shambani badala ya kuyachoma, na palilia ndago za shamba hilohilo badala ya kufungua jipya. Usichimbe mfereji wa kina hata ukiahidiwa trekta. Acha ukanda wa mchu upande wa mto.

Shamba la tuta lililochachuka lina dawa moja ya bei nafuu, na ni kulirudishia bahari. Fungua tuta taratibu, kwa sababu maji ya kwanza yatakayotoka yatakuwa na tindikali na yataua samaki wa mtoni yakitoka kwa mkupuo. Chagua bamvua za masika, mto ukiwa umejaa. Kupanda miche kuje baadaye. Miradi mingi imepanda mikoko kwanza na kushangaa inapokufa, kumbe maji hayakuwa yanafika. Maji yakianza kujaa na kupwa kama zamani, na mikoko ya jirani ikiwa hai, mbegu zitaelea zenyewe mpaka shambani, na utabaki kuziba mapengo tu.